Risasi za Tembo Kwenye Shamba la Maharage

Siku waliyoniaga ofisini kwa chai na maandazi, askari mmoja kijana ambaye nampenda kwa bidii yake aliniuliza mbele ya wenzake, "Mzee Katekista, pongo aliyeingia kwenye maharage unampiga na risasi gani?" Kabla sijameza andazi, mwenzake akamjibu, "Ile iliyopo stoo." Wakacheka wote, na mkuu wao akacheka kuwazidi. Mimi nilitabasamu kwa adabu, nikamaliza chai, nikashukuru kwa blanketi walilonipa, nikatembea hadi nyumbani. Mke wangu alinipokea kofia akanitazama usoni.

"Umegombana na nani siku ya kuagwa?"

Nikamwambia sijagombana na mtu. Nimeulizwa swali zuri na jibu limetolewa na mpumbavu. Akaniambia nikae niandike, maana nikiyasema kwa mdomo nitapandisha presha.

Basi naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa, vilikuwa vidogo na vimeshakwisha. Nitaeleza nilivyofundishwa kuchagua risasi ya mnyama wa karibu kama pongo, yule swala wa vichakani, na yaliyotokea pale wenye funguo za stoo walipotuchagulia wao. Namshukuru Mungu amenifikisha kustaafu nikiwa na macho na miguu yangu. Subira nayo amenipa kiasi, ingawa humu mtaiona kwa shida.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimetoka chuo cha makatekista, lakini parokia yetu ilikuwa na makatekista wengi kuliko vigango, na Padre mwenyewe ndiye aliyeniambia kwamba watu wa wanyamapori wanatafuta askari wanaojua kusoma. Karatu ya siku zile ilikuwa safu ya maduka kandokando ya barabara ya Ngorongoro, gereji moja, na vumbi la Landrover za wageni waliopita bila kusimama. Kituo chetu kilikuwa juu zaidi, upande wa Oldeani, pale mashamba yanapokutana na msitu. Niliporipoti, askari waliokuwa wakinoa mapanga waliulizana mimi ni nani. Mmoja akasema, "Huyu ni katekista. Kaja kubatiza nyati." Jina likanishika hapo hapo na halikunitoka tena.

Aliyepewa kazi ya kunifundisha ni Mzee Bura, Mwiraqw wa palepale, mfupi, mpole, mzee wa kanisa katika kigango chetu na askari tangu enzi za mkoloni. Wakulima walituita sote bwana nyama, ila yeye walimwita Baba. Hakunipa bunduki. Alinipa panga, akaniambia nikate migomba iliyokwisha kuzaa nyuma ya nyumba yake, nivipange vigogo kwa mstari, kimoja nyuma ya kingine, mbele ya ukingo wa udongo. Majirani walikuja kutazama.

"Baba, migomba imekukosea nini?"

"Imezaa ndizi ndogo. Kaeni nyuma yangu."

Alipiga kwanza risasi ya sofu. Hiyo ni ile yenye pua ya risasi tupu, madini laini yasiyofunikwa. Kisha akapiga solidi, ile iliyovikwa chuma mwili mzima, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya fuvu la tembo na bega la nyati. Bunduki ilikuwa ile ile, 375, na tulisimama pale pale. Tulipopasua vigogo tuliikuta sofu imekwama katikati ya kigogo cha pili, imefunuka kama uyoga, na pembeni yake mgomba umegeuka uji. Solidi hatukuikuta kwenye mgomba wowote. Ilipita yote na kuingia ukingoni, tukaichimba kwa jembe mpaka jasho likatutoka. Ilipotoka ilikuwa inang'aa. Mzee Bura aliifuta kwa kidole, akaniwekea kiganjani.

"Hii haijachoka," akasema. "Ungeirudisha kwenye ganda lake ingeendelea na safari. Sasa niambie, pongo ana unene wa migomba mingapi?"

"Mmoja, Baba. Na nusu, akiwa dume."

"Haya. Kwa hiyo baada ya pongo inakwenda wapi?"

Hakusubiri jibu. Alikwenda kunywa uji.

Kwa vijana nieleze kwa utulivu, nikiweza. Mnasoma siku hizi karatasi zinazokuja na maboksi ya risasi, mnajua mwendo wake na umbali wake. Hayo ni mambo ya tambarare. Ukiwa Ndutu au kule Malambo, swala anakuona kabla hujamwona, unapiga kwa mbali, na hapo risasi nyepesi yenye mbio inakusaidia. Msituni kwetu pongo unamkuta karibu kiasi cha kumsikia anavyotafuna. Kwa karibu namna hiyo kila risasi inafika ikiwa na nguvu zake zote, kwa hiyo mbio hazina kazi. Tena zinaharibu. Risasi nyepesi yenye mbio ikigusa kijiti inapotea njia, na isipogusa inapasukia kwenye ngozi na bega, mnyama anakwenda na kidonda cha kutisha ambacho hakimuui leo. Pongo dume aliyejeruhiwa si wa kuchezea. Anajilaza kwenye kichaka, anakungoja umpite, kisha anakuja na zile pembe zake za msokoto moja kwa moja tumboni.

Chukua risasi nzito, ya mwendo wa wastani, ya sofu. 375 ya sofu inatosha na kubaki. 3006 inatosha kabisa ikiwa na kichwa kizito, na haikuumizi bega. Bunduki ya 458 waachie wenye nyati. Two-two, kile kibunduki chepesi, ni ya kanga, na anayempiga pongo kwa two-two ili asiharibu nyama afanye kazi ya bucha aache hii yetu. Shotgani ya marisawa, zile goroli nyingi zinazotoka kwa pamoja, inamwangusha vizuri kwa karibu sana, lakini marisawa hutawanyika, na kwenye shamba lililozungukwa na watu hutawanyikia watu. Darubini ya kulengea ivue uiache nyumbani. Kwa karibu inakuonyesha manyoya tu, hujui ni ya bega au ya tako.

Nimesema shamba lililozungukwa na watu, na hapo ndipo penye shida yetu ambayo hizo karatasi za maboksi haziijui. Kwetu mama akipiga yowe, kila anayesikia anatoka mbio na chochote kilicho karibu na mkono wake. Haulizi ni nini, anakwenda kwanza. Anayesikia akabaki nyumbani, kesho yake hasalimiwi, na zamani wazee walimtoza dume la ng'ombe. Namshukuru Mungu kuzaliwa mahali penye desturi hiyo. Lakini kwa mwenye bunduki ina maana moja: popote unapoelekeza mtutu, nyuma ya mnyama kuna jirani anayekuja mbio na rungu, na huyo jirani anakimbia kwa sababu ni mtu mwema.

Mzee Bura alikuwa na njia yake. Akifika shambani alisimama kwanza, bunduki begani, akapaza sauti watu wote washuke upande wa chini na wa pembeni, nyuma yake yeye. Upande wa juu, unaoelekea msituni, uliachwa wazi. Aliuita mlango. Hakuna anayeishi msituni, hivyo hakuna jirani wa kutokea huko. Watu na mbwa wanapiga kelele, pongo anakimbilia mlangoni, na hapo ndipo anapigwa, mtutu ukitazama msitu. Kwa sofu risasi inabaki ndani ya mnyama. Tulifanya hivyo miaka mingi. Tulikula maharage ya watu waliotushukuru, na hakuna aliyepata hata mkwaruzo isipokuwa mbwa mmoja mjinga.

Baada ya vita vya Uganda kila kitu kikawa adimu: sabuni, mafuta ya taa, na risasi. Sofu zilikuja chache. Hata hizo chache hatukuziona, kwa sababu ziliwekwa kwa ajili ya wageni wa uwindaji na wakubwa waliopanda kutoka mjini Jumamosi kutafuta kitoweo. Sisi wa kwenye mashamba tulipewa solidi, maana solidi zilikuwepo tele, mabaki ya kazi za tembo. Mzee Bura na mimi tulishuka ofisini kwa mguu kuomba. Mtunza stoo alikuwa mtu mcheshi, wa kupiga naye hadithi vizuri tu, na hicho ndicho kinachoniudhi zaidi nikimkumbuka.

"Baba Bura, pongo na tembo wote si wanyama?"

"Wote ni wanyama, mwanangu."

"Na pongo akipigwa na solidi hafi?"

"Anakufa. Shida ni kwamba inaendelea."

"Basi iache iendelee! Huko msituni itamkuta nani, malaika?" Akanigeukia mimi. "Katekista, malaika wanakaa msituni?"

Afisa wetu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Nataka mjue kwamba huyu hakuwa mjinga. Alikuwa amesoma chuoni, alijua tofauti ya sofu na solidi kuliko mimi, na kila alipotoka Jumamosi na wageni wake alibeba sofu, nimeziona kwa macho yangu zikiwa zimepangwa kwenye mkanda wake kama rozari. Alisema, "Mzee, tumieni mlichopewa. Zikija nyingine tutafikiria." Tukasema asante, maana ndivyo tulivyolelewa, tukapanda mlima na solidi zetu.

Ilikuwa asubuhi, msimu wa maharage, umande bado uko kwenye majani. Mama Lusia, mjane mwenye shamba la juu kabisa, linalogusana na msitu, alipiga yowe. Pongo dume alikuwa ameingia, na si mara ya kwanza. Lile shamba lilikuwa chakula cha mama huyo na watoto wake cha mwaka mzima. Tulifika na kuwakuta watu wakija kutoka kila upande. Mzee Bura alifanya kama siku zote. Aliwashusha watu wote chini, aliuacha mlango wazi, alitazama juu mpaka akaridhika. Kelele zikaanza, mbwa wakaingia, pongo akatoka kwenye maharage kwa kurukaruka, mweusi, shingo imenyooka. Mzee Bura akampiga begani. Pongo akaanguka bila hata kupiga mateke. Watu wakashangilia.

Ndipo tukasikia sauti ya mtu huko juu.

Tulimkuta nyuma ya kichaka, kwenye kijia kinachotoka msituni, amekaa chini ameshika paja kwa mikono miwili. Alikuwa Mmasai, mtu mzima kijana, jina lake Lemayani. Alikuwa ametoka upande wa Malambo, amepita Ngorongoro na punda wake kuja Karatu kununua mahindi, kwa sababu kwao kulikuwa na njaa. Punda alikuwa amewaacha njiani. Risasi ilipita kwenye pongo, ikapita kwenye kichaka, ikaingia paja lake, ikagonga mfupa na kutoka upande wa pili. Mzee Bura alipiga magoti, akavua shati lake akamfunga. Nilimwona akilia huku mikono yake ikifanya kazi sawasawa, kama ya mama anayefunga mtoto.

"Baba, usilie," Lemayani akamwambia kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Mama amepona?"

Tulidhani maumivu yanamchanganya. Tulimbeba kwa kitanda cha kamba hadi barabarani, tukasimamisha lori la mbao, likampeleka zahanati ya misheni.

Afisa alikuja siku ile ile. Alituita mimi na Mzee Bura nyuma ya gari lake, mbali na watu, akazungumza kwa upole. Nimesikia matusi mengi katika kazi hii na nimeyasahau. Upole ule sijausahau.

"Mzee, umetumikia muda mrefu. Sitaki uharibikiwe mwishoni. Huyu mtu alikuwa msituni, ana mkuki, ana sime. Mseme alikuwa jangili, au mwizi wa ng'ombe, mlimwamuru asimame akakimbia. Jambo linaisha leo. Hakuna atakayeuliza chochote."

"Mmasai gani hana mkuki, Bwana Afisa?" Mzee Bura aliuliza.

"Ndiyo maana itaaminika."

"Nilimpiga pongo. Sikumwona huyu mtoto. Nitasema hivyo."

"Utafukuzwa. Kisha utashtakiwa."

"Nitasema hivyo, na nitasema ilikuwa solidi."

Afisa akasema, "Shukuru ilikuwa solidi. Ingekuwa sofu mguu wote ungeondoka."

"Ingekuwa sofu isingefika," Mzee Bura akasema.

Akanigeukia mimi. Nilimwambia afisa nilisomea dini na siwezi kusema uongo, lakini naona aibu kuandika hivyo, maana dini haikuwa sababu. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba hata kama uongo ungekuwa halali nisingempa. 

Kikao kilifanyika ofisi ya kijiji Lemayani alipoweza kukaa. Walikuwepo afisa, mwenyekiti wa kijiji, na wazee wawili wa Kimasai waliofika kwa miguu, wamekaa na fimbo zao. Watu walijaa hadi nje ya madirisha, na maneno yalikuwa yameshatembea kwamba yule Mmasai alikuwa mwizi. Sikuhitaji kuuliza yalitokea wapi. Majirani zetu na Wamasai wamewahi kunyang'anyana ng'ombe, na maneno ya namna hiyo kwetu hayahitaji mbolea. Lemayani alikaa kwenye benchi, mguu umenyooshwa mbele.

"Asubuhi ile ulikuwa unatafuta nini?" afisa akamwuliza.

"Mahindi."

"Punda wako walikutwa njiani. Wewe ulikutwa juu ya shamba la watu. Kwa nini uliacha njia?"

"Mama alilia."

"Mama gani?"

"Simjui. Alilia, nikakimbia."

"Ulikimbilia watu usiowajua, kwenye kabila lisilo lako?"

Lemayani alimtazama kama mtu anayetaka kuhakikisha ameelewa Kiswahili. Kisha akawageukia watu waliojaa mlangoni. "Ninyi hapa mama akilia mnauliza kwanza jina lake?"

Bibi mmoja akasema kwa sauti, "Hapana, mwanangu." Kisha Mama Lusia akasimama, akasogea mpaka mbele. "Mimi ndiye niliyelia," akamwambia. "Nimepona." Akavua khanga yake ya juu akamfunika mguu.

Baada ya hapo la wizi halikutajwa tena. Nilidhani tumeshinda. Nilikuwa sijui kwamba afisa alikuwa na njia nyingine, fupi zaidi. Alimsimamisha Mzee Bura.

"Ulipiga wewe?"

"Nilipiga mimi."

"Ulimwona aliyekuwa nyuma ya mnyama?"

"Sikumwona. Tuliomba sofu, Bwana Afisa. Tulikuja stoo, na wewe ulikuwepo."

"Tunazungumza juu ya risasi moja uliyopiga wewe. Stoo haikupiga mtu."

Akaandikiwa uzembe. Mashtaka hayakuja, kwa sababu wazee wa Lemayani walikataa. Walisema Lemayani amewaambia nani alilia akimfunga paja na nani hakulia, na hawana ugomvi na aliyelia. Lakini kazi iliisha. Mzee Bura alirudisha kofia, mkanda na bunduki aliyoipangusa usiku na mchana maisha yake yote, na aliyevipokea ni yule yule mtunza stoo mcheshi.

Njiani nikamgombeza Mzee Bura, Mungu anisamehe, mtu wa umri wa baba yangu. "Mbona hukuwaambia sofu wanapewa wageni? Mbona hukulisema lile la mkanda wake, mbele ya kijiji kizima?"

"Nilisema kwa stoo, nikasema kwake, nikasema kikaoni. Sasa nikamwambie nani, pongo?"

"Ungesema kwa ukali!"

"Sema wewe. Wewe una koo."

Jumapili nilikwenda kitubio. Nikamwambia Padre nina hasira.

"Na nani?"

"Na afisa. Na mtunza stoo. Na Mzee Bura kidogo."

"Na Mungu?"

"Hapana, Padre. Yeye hakushika ufunguo."

Nilimsikia anakohoa kule ndani, naamini alikuwa anacheka. Akanipa kitubio cha kuwaombea wote watatu kila siku, nikianza na mwenye stoo. Namwombea mpaka leo, na sijaruka. Ila naomba kwa sauti ambayo mke wangu anasema si ya sala.

Niliachiwa bunduki ya Mzee Bura na solidi zake. Haukupita muda mrefu yowe likalia tena asubuhi, tena kwa Mama Lusia, kwenye kipande cha maharage kilichobaki. Nilitoka mbio na bunduki begani. Nilipofika kwenye kona ambapo mashamba yote yanaonekana, nilisimama, na hapo nilikasirika kuliko siku zote za maisha yangu, kabla na baada.

Watu walikuwa wametoka, lakini hawakuwa wakikimbia. Walisimama milangoni mwao. Mtu na rungu lake, mama na mchi, wamesimama kila mmoja mlangoni kwake, wananitazama mimi na mtutu wangu. Mama Lusia alikuwa analia katikati ya shamba, na katika maisha yangu sijawahi kuona hilo, mama analia na watu wanasikiliza. Pongo alikuwa anakula. Alikuwa anachagua majani.

Mtu mmoja tu alikuwa njiani. Mzee Bura, bila sare, na fimbo ya kuchungia mbuzi, anapanda mdogo mdogo peke yake.

Nilifungua bolti. Nikazitoa zile risasi moja moja, nikazitupa chini kwenye matope ili zionekane zinavyoanguka. Nikaigeuza bunduki mtutu chini, nikainyanyua juu kwa kitako, nikapiga kelele kwa Kiiraqw na kwa Kiswahili, kwa koo lote: "Haina kitu! Tazameni! Haina kitu ndani! Njooni!"

Kisha yule bibi wa kikaoni akatoka kwake na ufagio. Mwanawe akaona aibu, akamfuata. Kisha mlango wa pili, na wa tatu, na mara wakawa wanakuja kutoka kila upande wakipiga kelele, mbwa mbele. Hakuna aliyeelekezwa asimame wapi, hakukuwa na mlango wala nyuma. Pongo akainua kichwa, akabweka mara moja, akapita katikati yetu akiruka juu ya watu, akaingia msituni mzima, ameshiba.

Nilikwenda ofisini matope yakiwa magotini, nikazimwaga zile solidi juu ya meza ya afisa na udongo wake. Nikamwambia kwa pongo sitazipakia, anifukuze. Hakunifukuza; labda alichoka vikao. Sofu zikapatikana, nyuma ya magunia, mle mle stoo zilimokuwa siku zote. Kwa hiyo ninyi mnaocheka kwamba jibu ni ile iliyopo, nawaambia nilishaiona iliyopo, na nilishaiona waliyoificha. Mkipewa solidi kwa pongo, rudisheni. Semeni kwa ukali, mimi niliyelelewa kwa upole ndiye ninayewaambia.

Lakini hayo ya ofisini yalikuwa mchana. Asubuhi ile pongo alipokwisha kuondoka tulibaki kwenye maharage yaliyokanyagwa, wote tukihema. Hakukuwa na nyama ya kugawana wala habari ya kusimulia. Mama Lusia alimfuata mtu mmoja mmoja, akamshika mabega, akamgeuza mbele na nyuma, akatazama kama ni mzima, ndipo akaenda kwa mwingine. Alipofika kwa Mzee Bura alimgeuza mara mbili.